Kulala Lubumbashi na mbwa: nyumba ya wageni ya upande wa Golf

Piga simu hotelini Lubumbashi, uliza kama wanapokea mbwa, na mara nyingi utajibiwa: "Hakuna shida, mama, kuya naye tu," yaani njoo naye. Shida utakutana nayo getini. Nimewahi kupelekwa nyuma ya jiko, nikaonyeshwa mti ulio hatua chache kutoka kwenye jenereta, nikaambiwa mbwa atafungwa pale na mimi nipande zangu orofa ya tatu nikapumzike. Hoteli hiyo siitaji. Kwa mtu asiye na mnyama ni nzuri, mashuka meupe na samaki wao wa kuchoma sina neno naye. Lakini usiku ule nililala ndani ya gari.

Ninayoisifu leo ni nyumba ya wageni iliyo upande wa Golf, mtaa wa ndani, mbali kidogo na lami. Nayo jina lake nitalibana, kwa sababu nyingine kabisa: vyumba vyake ni vichache, vinavyopokea wanyama ni viwili tu, na mwenye nyumba ameniomba watu waelekezane kwa mdomo, wasije kumjazia geti bila simu. Wafugaji wa Lubumbashi wataijua nikisema ni ile yenye ukuta wa matofali mekundu, mwembe mkubwa katikati ya uwanja, na vibanda vya mbwa vilivyopakwa rangi ya kijani upande wa kushoto.

Mimi ni mhasibu, naishi Kolwezi. Mbwa wangu ni jike, nusu wa kienyeji nusu berje, yaani mbwa mchungaji, kilo 22, na anaitwa Watasema. Jina nilimpa kwa ajili ya majirani, nao hawakuniangusha. Mwaka huu alipata uvimbe ule unaoambukizwa mbwa wakipandana, ambao madume wa barabarani huugawa bila kubagua. Ni saratani ya ajabu: chembe zake zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na wataalamu wanasema zote duniani zimetokana na mnyama mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Habari njema ni kwamba inatibika. Ni sindano ya vincristine ya mshipani, mara moja kwa wiki, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 6, na mbwa walio wengi hupona. Ila dawa ile ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo humpi kila mwenye bomba la sindano amchome mbwa wako. Lubumbashi kuna kitivo cha tiba ya mifugo pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na madaktari waliopikwa humo wametapakaa mjini. Basi nikawa mtu wa barabara: karibu kilomita 300 kupitia Fungurume na Likasi, nyuma ya malori ya shaba, Watasema kalala kiti cha nyuma juu ya shuka lake.

Nayaeleza haya ili ijulikane nilikuwa natafuta nini. Kuna watu wanaosifia hoteli za Ulaya kwa sababu mbwa amewekewa kitanda chenye jina lake na biskuti juu ya mto. Mbwa hana habari na mto. Nilichotaka ni ukuta usio na tundu, chumba cha chini, sakafu ya karo, maji yasiyokatika, na watu wasiomkimbia wala kumwokotea jiwe. Na bei ijulikane kabla sijashusha mizigo.

Tofauti niliiona tangu kwenye simu. Mzee mwenye nyumba hakusema "kuya naye tu." Alianza yeye kuniuliza. Ana uzito gani? Jike au dume, na kama ni jike, yuko kwenye joto? Amezoea kulala ndani au nje? Alichanjwa kichaa lini? Nilipomwambia ni mgonjwa, akauliza anaumwa nini, nikamweleza, akanyamaza kidogo kisha akasema: "Basi mbwa wangu nitawafungia mbali naye. Kitabu chake cha chanjo uje nacho, mama, bila hicho hatutaelewana." Kuna watu hukasirika wakidaiwa kitabu. Mimi nilipumua. Anayenidai mimi kitabu amemdai na jirani yangu wa chumba cha pili.

Na hili si la kufanyia mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kwa mtu au kwa mnyama, safari imekwisha. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Pale mapokezi, juu ya bomba la kunawia, wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, Kifaransa juu na Kiswahili chini: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Sabuni ipo, kipande kikubwa, kimefungwa kamba kisiibwe. Nimeona hoteli zenye bwawa la kuogelea ambazo hazina kipande hicho.

Aliyenivutia kuliko wote ni papa sentineli, yaani mzee mlinzi wa geti. Tulifika jioni, Watasema amechoka, masikio nyuma, anatetemeka kidogo kwa sababu siku hizo kila akishuka garini alitegemea sindano. Papa hakumjia usoni. Alifungua geti, akalifunga nyuma yetu, akavuta komeo, halafu akachuchumaa pembeni akimpa ubavu, macho yake kayaelekeza kwenye mwembe, mkono kaushusha chini na vidole kavikunja. Akakaa hivyo. Alikuwa akiongea na mimi habari za barabara, kama vile mbwa hayupo. Watasema alinusa viatu, akanusa mkono, akarudi nyuma, akaja tena, mwisho akaegemea paja la mzee. Ndipo papa akamkuna chini ya kidevu, siyo juu ya kichwa. Nilimuuliza nani alimfundisha. "Mama, mimi nimelinda na mbwa maisha yangu yote. Mbwa ukimkimbilia kumshika kichwa, anafikiri unataka kumpiga."

Kwenye daftari la wageni wana safu ya jina la mnyama. Kijana wa mapokezi kaandika jina langu, kauliza la mbwa.

"Watasema."

"Watasema nini, mama?"

Sentineli alicheka mpaka akashika geti. Tangu hapo nyumba nzima ikaniita Mama Watasema, na jina langu la kwenye kitambulisho sijui kama kuna aliyelikumbuka.

Chumba chenyewe ni cha kawaida. Kitanda kizuri, neti nzima, karo mpaka ukutani kiasi cha goti, hakuna zulia. Zulia ni adui: linashika manyoya, kupe na harufu, na mgeni wa baadaye atalipia uvivu wa yule wa leo. Mlango wa nyuma unafungukia kijiukumbi chenye geti lake dogo, kisha nyasi. Mwenye mbwa ataelewa thamani ya mlango huo saa kumi za usiku, tumbo la mnyama likiwa limevurugika na dawa, badala ya kuvuka ukumbi wa mapokezi na mbwa anayetapika. Maji ni ya foraji, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, tangi liko juu, kwa hiyo Regideso, shirika la maji, ikiamua kupumzika nyumba haina habari. Bakuli la maji lilikuwa la chuma, zito, haligeuki. Ni jambo dogo, lakini limefikiriwa na mtu aliyewahi kufuta sakafu.

Sasa usafi, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Mbwa aliyechomwa vincristine hutoa mabaki ya dawa kwenye haja zake siku za mwanzo, na daktari alishanionya nisizishike mikono mitupu. Nilimweleza mama wa usafi kwa aibu kidogo, maana si jambo la kumbebesha mtu ambaye si mbwa wake. Akaniletea glavu boksi zima, ndoo yenye mfuniko na chupa ya javeli, ile klorini ya usafi, akasema: "Ya ndani ufanye wewe, mama, ya uwanjani tutasaidiana." Ni sawa kabisa. Huo ndio mgawanyo wa haki, na nilipenda kwamba ulisemwa wazi badala ya mtu kununa.

Jambo jingine: shuka la mbwa likishafuliwa, wao hulipiga pasi. Wasioijua Katanga ya wakati wa mvua watacheka. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu na kwenye mchanga. Funza wake huingia chini ya ngozi ya mtu au ya mbwa na kutengeneza jipu lenye tundu la kupumulia; joto la pasi huua mayai kabla. Mbwa wenye kinga iliyoshuka kwa sababu ya dawa ndio hawastahili kuongezewa mzigo huo. Kila shuka lilirudi limekunjwa, bado lina joto la pasi ya makaa.

Nyumba ina mbwa wake watatu wa ulinzi, wakali kwelikweli. Mchana wote wako kwenye vile vibanda vya kijani, saa nne za usiku wanaachiliwa. Kabla ya hapo papa anapita kugonga milango yetu: "Mama Watasema, mara ya mwisho!" Baada ya hapo uwanja ni wao, wewe unabaki na kile kijiukumbi chako chenye geti. Utaratibu huu nimeupenda kuliko kitu kingine chochote pale, kwa sababu hauachi jambo kwenye bahati. Hoteli ile ya jenereta nilipouliza kuhusu mbwa wao, niliambiwa "hawana neno." Mbwa wa ulinzi asiye na neno analinda nini?

Nilikuja wakati mvua za kwanza zinapiga, na mvua za Lubumbashi zinajulikana, radi inashuka kama inaidai nyumba deni. Usiku mmoja umeme wa SNEL ukakatika katikati ya ngurumo. Watasema aliingia bafuni akajibana nyuma ya choo, anatweta. Hapo nikatarajia jenereta iwake na kumaliza kilichobaki cha akili yake, kwa kuwa vyumba vya mbwa kwa kawaida ndivyo vinavyosukumwa karibu na jenereta. Haikusikika. Iko upande wa barabara, imejengewa kibanda cha matofali, na upande wetu ulisikia mnong'ono tu. Mvua ilipokatika, inswa, yaani kumbikumbi, wakatoka ardhini kwa maelfu wakafuata taa ya kijiukumbi. Mbwa ambaye saa moja nyuma alikuwa nusu mfu alisimama chini ya ile taa akiwadaka hewani mmoja mmoja, taya zikigongana, mabawa yamemganda puani. Mama wa usafi naye alikuwa pembeni na beseni la maji, anakusanya wake wa kukaanga. Hakuna aliyemzuia mwenzake.

Chakula cha mbwa hawauzi, ila jiko linapika ukiomba. Hapa ilibidi nieleze mara mbili. Mpishi, kijana mkarimu, alitaka kumpa mifupa ya kuku iliyobaki, na mifupa ya kuku ikishapikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Kitunguu nacho ni sumu kwa mbwa, na mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu? Tulielewana kwenye bukari laini, yaani ugali, na ndakala, wale samaki wadogo, waliochemshwa bila chumvi, dola 2 kwa sahani, na siku za kichefuchefu wali uliolowa. Chakula cha mifuko kinapatikana kwenye maduka makubwa ya mjini, bei yake ni ya kukutoa jasho.

Kuna jambo la wageni wasiopenda mbwa, na sisi wafugaji tunalipita haraka mno. Siku moja alifika mama na mtoto wake mdogo. Mtoto alimwona Watasema kwa mbali akapiga kelele mpaka akakaukiwa sauti. Mwenye nyumba hakusema lile neno letu la "haumi huyu." Aliwapa chumba cha upande wa pili, akaniomba nitumie njia ya nyuma siku zote mbili, na kifungua kinywa nikaletewa kijiukumbini. Sikuona nimedharauliwa. Kwenye ukumbi wa kula mbwa haruhusiwi hata awe wa gavana, na nadhani nyumba hudumu hivyo.

Kitu kingine kinachotenganisha nyumba nzuri na mbaya ni swali hili: je, naweza kumwacha chumbani peke yake? Wengi hukataza, halafu wewe ufanyeje ukiwa na kazi benki, umwache garini? Oktoba na Novemba gari lililofungwa juani ni tanuri, hata ukiacha kioo wazi kidogo. Hapa wanaruhusu kwa muda wa saa tatu, namba yako ya simu ikiwa mapokezi na kitambaa chekundu kikiwa kwenye kitasa ili asiingie mtu wa usafi. Niliporudi mara ya kwanza nikamkuta papa amehamishia kiti chake chini ya dirisha letu, anasikiliza redio, mechi ya Mazembe. Alisema Watasema alilia kidogo, akaongeza sauti, akatulia. Kama ni soka lililomtuliza au ni sauti ya watu, sijui. Mimi binafsi mechi hiyo ingeniliza zaidi.

Mapungufu yapo. Chini ya geti kubwa kuna nafasi ambayo mbwa wa kilo 22 hapiti, ila mdogo wa kilo 6 angekuwa kwenye lami kabla hujamaliza kuita jina lake. Nimewaambia, wameweka tofali mbili, tofali si dawa. Nyasi za nyuma zimeachwa ndefu na nilimtoa kupe watatu sikioni jioni ya pili; wakati wa mvua nyasi zikatwe kila wiki, basi. Maegesho hayana kivuli hata cha dawa. Na kosa kubwa zaidi: walimweka paka chumba cha jirani. Alikuwa wa mama mmoja wa shirika anayerudi Ubelgiji, mnyama mtulivu, amepangiwa safari kwa utaratibu wote: chipu, chanjo, kipimo cha damu si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha miezi 3 ya kungoja kabla ya kukubaliwa Ulaya. Kwa hiyo paka yule alikuwa mpangaji wa kudumu, anakaa dirishani kutwa nzima anatutazama. Watasema hakupata usingizi wa mchana hata siku moja. Vyumba viwili vya wanyama vinavyotazamana vingehitaji hata pazia la mkeka katikati.

Bei: chumba dola 45, mbwa dola 5 kwa usiku, na amana ya dola 20 inayorudishwa. Yote yameandikwa kwenye karatasi unayosaini, falanga zinapokelewa kwa bei ya siku. Siku ya kuondoka kijana wa mapokezi alikagua chumba mimi nikiwepo, akakuta kamba ya pazia imetafunwa usiku wa radi. Wakakata dola 3, nikapewa risiti ya fundi, 17 zikarudi mkononi. Mahali pengine niliwahi kuongezewa "usafi wa pekee" kwenye bili nikiwa nimeshawasha gari, bila mtu hata kufungua mlango wa chumba.

Mwenye mbwa wawili wakubwa hapa patambana, na dume asiyehasiwa atapigana kelele usiku kucha na wale watatu wa ulinzi. Mwenye mgonjwa, mzee, au mwoga wa watu, pamemfaa. Sindano za Watasema zimekwisha, uvimbe umeyeyuka, ila daktari anataka kumwona tena, na chumba nimeshakishika. Ukitaka kwenda, omba kile cha mwisho karibu na mwembe, na piga simu kabla ya Alhamisi. Ijumaa jioni watu wa Likasi huwa wameshavichukua vyote viwili.